DMF au toluini kwa kuunganisha amini na nanotyubu za kaboni?

Mwanafunzi wa Uzamili, Kampala
Wataalamu, nawasalimu. Ninaunganisha oktadesilamini (amini yenye mnyororo mrefu wa kaboni) na nanotyubu za kaboni za ukuta mmoja, yaani mirija midogo mno ya kaboni, ambazo zimekwisha kuoksidishwa kwa asidi ya nitriki na kutendewa na kloridi ya thionili ili ziwe na vikundi vya kloridi vinavyoshikana na amini. Nilipotumia DMF (dimethilifomamidi) kama kiyeyushi, spektra ya infraredi ilionyesha mkanda wa amaidi, yaani kiungo kati ya amini na nanotyubu, karibu na 1660 cm⁻¹. Nilipotumia toluini, mkanda huo ulikuwa hafifu mno. Je, hii inatosha kusema kwamba DMF ndiyo bora?

Mkemia wa Mbarara
Haitoshi, ndugu yangu. DMF yenyewe ni amaidi, na kabonili yake (kaboni iliyoungana na oksijeni) hufyonza miale katika eneo hilo hilo. Kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 153 na hung'ang'ania kuta za nanotyubu, kukausha kwa kawaida kwenye tanuri hakuiondoi yote. Chukua nanotyubu zilizooksidishwa ambazo hazijapitia kloridi ya thionili, uzipashe moto katika DMF bila amini kwa muda na joto lile lile, uzioshe vivyo hivyo, kisha uzipime: mkanda ukijitokeza, ulikuwa ukipima kiyeyushi. Tazama pia eneo la 1540 cm⁻¹, kwa sababu amaidi unayoitafuta ina hidrojeni kwenye naitrojeni yake ilhali DMF haina.

Mwalimu wa Kemia, Jinja
Nakubaliana na Mkemia, ila tusiionee DMF. Nanotyubu hushikamana katika mafungu kwa nguvu za van der Waals. Toluini haiyafungui vyema, hivyo amini huzifikia zaidi zile za nje. DMF na NMP (methilipirolidoni, kiyeyushi kingine) huyafungua kwa kiasi, ingawa NMP, inayochemka kwenye nyuzi 202, ni ngumu zaidi kuondoa. Orthodiklorobenzini, kiyeyushi kingine, nayo hutawanya vizuri, lakini ikitikiswa muda mrefu kwa ultrasauti huvunjika na kuacha polima juu ya nanotyubu. Kwa maoni yangu, kwa amini hii usitumie kiyeyushi chochote: huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 50, na kundi la watafiti la mkemia Haddon, katika jarida la *Science* mwaka 1998, lilipasha nanotyubu ndani ya amini hiyo iliyoyeyuka kwa siku kadhaa, karibu na nyuzi 100.

Mwanafunzi wa Uzamili, Kampala
Asanteni sana. Nitaanza na jaribio hilo la ulinganisho lisilo na amini. DMF iliyo stoo, ambayo ndiyo niliyotumia, ni ya zamani na inanuka kama samaki, je, inafaa?

Mkemia wa Mbarara
Harufu hiyo ni ya dimethilamini, zao la kuvunjika kwa DMF, nayo huvidaka vikundi vya kloridi vya nanotyubu kabla ya amini yako kufika. Kwa ulinganisho tumia chupa hiyo hiyo, lakini isikaribie tena nanotyubu zilizotendewa na kloridi ya thionili.