Chai ya matunda ya Kivietnam: kwa nini yangu inakuwa chungu na kukosa uangavu?

Mama Nuru:
Ndugu zangu, salaam. Nilipokuwa Jiji la Ho Chi Minh kwa shughuli za kikazi, kila jioni nilikunywa chai baridi ambayo wenyeji huiita trà đào cam sả, yaani chai, fyulisi, chungwa na mchaichai. Ilikuwa nyangavu, na harufu ya mchaichai ilikufikia kabla hujaonja. Hapa Tanga nimejaribu mara tatu bila kufanikiwa. Huchemsha majani ya chai nyeusi pamoja na mchaichai na vipande vya chungwa kwa muda wa robo saa, nikachuja na kuweka kwenye friji. Inatoka chungu, inakausha ulimi, na ikishapoa huwa na ukungu, yaani haiwi nyangavu tena. Naomba kuelekezwa. Tena, mafyulisi ya kopo ni ghali; je, yale ya Lushoto yanafaa?

Mpenda Majani:
Shikamoo, Mama Nuru. Tatizo lako ni kuchemsha vyote katika sufuria moja, kwa sababu mchaichai unahitaji moto ilhali majani ya chai hayautaki. Chukua mabua manne au matano ya mchaichai, yaponde sehemu nyeupe kwa mchi, yakate, kisha yachemshe katika nusu lita ya maji kwa moto mdogo dakika kumi, na uyeyushe humo gramu 80 hivi za sukari. Pembeni, mimina nusu lita nyingine ya maji ya moto juu ya vifuko vinne vya chai nyeusi, funika, na uvitoe baada ya dakika nne au tano bila kuvikamua. Majani yakikaa zaidi ya hapo hutoa tanini nyingi, nazo ndizo zinazokausha ulimi. Chungwa lisiguse moto kabisa: ile nyama nyeupe iliyo chini ya ganda hutoa uchungu ikichemshwa. Kamua chungwa moja chai ikishapoa, na jingine ulikate vipande vya kupambia gilasi.

Msomaji wa Hanoi:
Mimi nilisoma Hanoi, na huko nilizoea zaidi trà chanh, chai ya ndimu inayonywewa kwenye viti vifupi kando ya barabara, hasa karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Hiyo hutengenezwa kwa chai ya kijani, kwa hiyo naona Mama Nuru angeweza kuacha chai nyeusi na kuondokana na ukali wote huo.

Mpenda Majani:
Ndugu yangu, chai uliyoitaja ni nzuri, lakini ni kinywaji kingine. Fyulisi lina utamu mzito, na kwa maoni yangu chai ya kijani humezwa nao. Kuhusu ukungu, ambao nilisahau kuueleza: chai iliyokolea ikipoa, tanini hushikana na kafeini na kufanya chembechembe zinazoelea. Chai hiyo haijaharibika, na ukiongeza maji ya moto kidogo hurudi kuwa nyangavu. Iache ipoe yenyewe mezani, kisha uimimine juu ya barafu wakati wa kunywa, badala ya kuiingiza kwenye friji ikiwa bado na joto. Usishangae pia rangi ikififia utakapotia maji ya chungwa, kwani asidi ndiyo inayoifanya hivyo.

Bibi wa Soni:
Mwanangu Nuru, mafyulisi ya huku Lushoto yanafaa sana, ila chagua yaliyoiva lakini bado magumu kidogo. Yamenye, yakate vipande, uyapike dakika tano katika maji yenye sukari, kisha yalale humo usiku kucha ndani ya friji. Maji yake usiyamwage hata tone, maana hayo ndiyo yatakayoipa chai ladha ya tunda. Vipande vyenyewe ni vya kula kwa kijiko. Ukitumia maji hayo, punguza sukari ya kwenye mchaichai kwa nusu.

Mama Nuru:
Shikamoo Bibi, na ahsanteni nyote. Jana nimefuata maelekezo haya, na chai imetoka nyangavu, haina uchungu. Harufu ya mchaichai tu ndiyo bado hafifu, ingawa nilitumia mabua matano.

Mpenda Majani:
Baada ya kuzima moto, funika sufuria kwa dakika kumi na tano kabla ya kuchuja, kwani harufu ya mchaichai imo katika mafuta yanayopotea upesi pamoja na mvuke. Bua moja bichi, lililopondwa kichwani, liweke kwenye gilasi na ukorogee nalo.