Kumbukumbu za M. N. Roy na majalada ya wapelelezi: tumwamini nani?

Mfukua Majalada: Roy, mwanamapinduzi wa India aliyekuja kuwa mkomunisti, aliondoka India mwaka 1915 kutafuta silaha za Wajerumani, akazunguka Asia ya Mashariki, akafika San Francisco mwaka 1916 na kubadili jina, kisha mwaka uliofuata akakimbilia Mexico. Safari hizo alizisimulia mwenyewe, na idara ya upelelezi ya serikali ya kikoloni nayo ilimwandikia jalada. Masimulizi hayo yanapopishana, mimi naegemea jalada, kwa kuwa liliandikwa mambo yakiwa bado moto, ilhali kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1964, miaka kumi baada ya kifo chake. Tena, aliyeweza kumsahau mkewe, asimtaje katika kumbukumbu hizo, atashindwaje kusahau tarehe?

Msema Pole: Neno hilo "kumsahau" si la haki hata kidogo. Roy na Evelyn Trent walitengana mwaka 1925, na mtu akiamua kutolitaja jina la mtalaka wake, huko ni kunyamaza. Mpelelezi, kwa upande wake, hula kwa njama. Asipoiona, ataitunga ili mkuu wake asimwone mzembe.

Binti Hoja: Mume ana ruhusa ya kunyamaza, lakini anayejitoa kuwa shahidi wa historia hana. Evelyn alikuwa miongoni mwa watu saba walioanzisha chama cha kikomunisti cha India mjini Tashkent mnamo Oktoba 1920, na aliandika makala kwa jina la Santi Devi. Inasikitisha kwamba maafisa waliomwinda walimpa nafasi kubwa kuliko mwenzake wa mapambano.

Msema Pole: Kumbe sasa tuwashukuru wapelelezi, wafungua barua za watu! Katika kesi ya Kanpur ya mwaka 1924, ambapo serikali ya kikoloni iliwashtaki wakomunisti wa India kwa njama, barua hizo ndizo zilizowapeleka Dange, Muzaffar Ahmad, Usmani na Nalini Gupta gerezani, miaka minne kila mmoja. Dada yangu awashukuru peke yake.

Binti Hoja: Sijamshukuru mtu. Soma tena nilichoandika, safari hii polepole.

Mpita Njia: Mnagombana juu ya barua bila kuuliza nani aliziandika. Nyingi ni za Roy mwenyewe. Jalada la namna hii lina tabaka mbili: dhana za afisa, ambazo Msema Pole ana haki ya kuzitilia shaka, na nakala za maneno ya mtuhumiwa, aliyeandika bila kujua kwamba yatasomwa na adui. Kwa hiyo katika barua hizo anayepingana na Roy mzee wa miaka ya 1950, mwandishi wa kumbukumbu, ni Roy kijana, wala si polisi. Na kijana huyo naye alikuwa akiomba fedha na kujikweza mbele ya wakuu wa kikomunisti wa Moscow, hivyo msimpe cheti cha ukweli upesi.

Mfukua Majalada: Tarehe zangu, basi, hazina wa kuzijibu?

Msema Pole: Kuhusu barua, nimekubali. Kuhusu Evelyn sijakubali, na anayedai kwamba natetea waume wasahaulifu anioneshe mahali nilipoandika hivyo.