Naomba ushauri: kutu kwenye kebini ya Hilux

Hamjambo ndugu zangu. Nina Hilux kuukuu ya kubebea samaki, hulala Likoni karibu na bahari, na hewa ya chumvi mwaijua. Chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, iko sawa, nimeigonga kwa nyundo yalia vizuri. Shida ni kebini: sakafu upande wa dereva, pembe za nyuma na kizingiti cha mlango. Nimekwangua kwa brashi ya waya, na pale rangi ilipofura, bisibisi ilizama kama kwenye boflo.

Fundi mmoja ataka kujaza filla, ile rojo ya kuzibia mashimo ya bodi, na kupiga rangi. Bei nzuri, lakini filla juu ya kutu naona ni kuificha tu, maji yatapita kwa nyuma. Mwingine asema akate palipooza mpaka afike kwenye bati zima, achomelee bati jipya. Huyo namwamini zaidi, ila ana mashine ya vijiti ya stima, na bati la kebini ni jembamba.

Je, akichomelea kwa vijiti halitatoboka au kupinda, ama nitafute mwenye gesi? Na ndani ya kizingiti, ambako brashi haifiki, nipake nini kutu isirudi?