Hivi wale DISH wa Marekani walifata nini kwenye simu?

FundiUngo
Wakuu habari za jioni. Mi ni fundi wa madishi, mwaka wa 11 huu nafunga ving'amuzi huku Mbagala. Sasa juzi mdogo wangu yuko Marekani kanambia laini yake ya Boost Mobile ni ya DISH, yaani wale wale wauza TV ya ungo, afu hapo hapo nasikia wameuza masafa yao (mawimbi ya hewani yanayobeba mawasiliano ya simu) kwa mtandao wa simu wa AT&T na kwa yule jamaa wa Starlink. Nikabaki nimeduwaa. Mtu wa madishi anaenda kutafuta nini kwenye simu? Na kama aliingia, mbona anatoka? Nielewesheni taratibu, shule yangu mi ni spana na kutafuta signo juu ya bati.

mtu_wa_minara
Mkuu FundiUngo, mwenye kampuni ni fundi mwenzako kabisa. Charlie Ergen alianza 1980 na mkewe na rafiki yao Jim DeFranco, wanauza yale maungo makubwa kule Colorado, inasemekana walikuwa nayo mawili tu na moja likadondoka kwenye trela barabarani 😂. Kabla ya hapo alikuwa anacheza karata kwenye makasino kwa pesa. Hilo la karata usilisahau.

Enzi zao walifika wateja kama milioni 14, ila mzee aliona mapema kwamba intaneti itakula ungo. Akaanza kununua masafa. 2011 kulikuwa na kampuni mbili za satelaiti zimefilisika, DBSD na TerreStar, akazibeba zote kwa kama dola bilioni 2.8, maana zilikuwa na leseni za simu za satelaiti, na mwisho wa 2012 FCC (ndo TCRA yao, wasimamizi wa mawasiliano) ikamruhusu masafa hayo ayatumie kwa minara ya kawaida. 2013 akautaka mtandao wa simu wa Sprint mzima kwa bilioni 25.5, SoftBank ya Japani wakamzidi kete. Yeye akarudi kwenye minada ya masafa, ananunua tu.

Kichwa Ngumu
Kwa hiyo kwa kifupi ni kama wale wanaonunua heka Kigamboni wanapanda bikoni wanasubiri lami ifike 🤣

mtu_wa_minara
Hapo hapo! Ila kiwanja kina masharti ya kuendeleza, usipojenga wanakunyang'anya. 2019 mtandao wa T-Mobile na Sprint wanataka kuungana, serikali ikaona mitandao mikubwa itabaki 3, ikasema basi Boost, iliyokuwa ya Sprint, auziwe DISH awe wa nne. Akailipia bilioni 1.4, Julai 2020 akakabidhiwa, wateja zaidi ya milioni 9. Sharti ni kwamba hadi Juni 2023 5G yake iwafikie asilimia 70 ya Wamarekani. Akaanzia Las Vegas 2022 (mcheza karata huyo, angeanzia wapi) na kweli akafikisha, na mtandao wenyewe ulikuwa wa kisasa, sehemu kubwa ni programu zinazokaa kwenye kompyuta za Amazon.

Shida mnara haukuletei mteja. Boost ikashuka hadi kama milioni 7, wa ungo nao wanazidi kukimbia, deni likapita bilioni 20. 2025 FCC wakaanza kuuliza haya masafa unayatumia kweli au umeyalaza, na SpaceX (ndo wenye Starlink) walikuwa wameshalalamika hilo hilo. Agosti akakubali kuwauzia AT&T kwa bilioni 23, Septemba SpaceX bilioni 17, nusu pesa nusu hisa. Boost inabaki kama jina, inapanda mgongo wa AT&T.

Bi Mkubwa wa Kinondoni
Mnamsifia mno jamani. Serikali iliruhusu muungano kwa ahadi kwamba huyu atakuwa wa nne, haya mitandao imerudi palepale 3, mteja wa kawaida kapata nini? Masafa ni mali ya umma, mtu kayakalia zaidi ya miaka 10 kayauza kwa faida, na wenye minara aliowapangia sasa wanamdai mikataba yao. Kule hiyo mnaiita akili, huku tungeiita jina lingine.

Kichwa Ngumu
Bi Mkubwa kamaliza. Ila cheki hesabu, yale ya bilioni 2.8 ndo sehemu kubwa ya anayoyachukua SpaceX kwa 17. Mtandao ukamshinda, viwanja vikamlipa.

FundiUngo
Aisee nimeelewa sasa. Kinachonichekesha ni kwamba masafa yalizaliwa ya satelaiti, yakashushwa kwenye minara, sasa yanarudishwa juu tena maana SpaceX wanayataka simu iongee na satelaiti moja kwa moja. Swali la mwisho wakuu, hizo simu zitahitaji fundi wa kufunga dishi?

mtu_wa_minara
Hapana mkuu 😅 antena iko humo humo ndani ya simu.

FundiUngo
Haya. Kesho nina dishi mbili Chamazi, ngoja nilale.