Mjadala: Je, mnyama ambaye hakuna aliyemwona achorwe kwenye ukuta wa shule?

Hoja ya kufungulia: mwalimu mstaafu wa bayolojia, Tudor

Salamu kwa wote. Mwezi uliopita kijana mmoja mchoraji alimaliza kazi yake kwenye ukuta wa shule moja ya msingi hapa kisiwani Mombasa, na tangu siku hiyo wazazi hawaelewani. Kwenye ukuta huo amesimama gogonopsia, mnyama mla nyama aliyeishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, akiwa na manyoya ya rangi ya udongo, milia myeusi mgongoni, masikio yaliyosimama kama ya paka, na meno mawili marefu yaliyochomoza nje ya mdomo. Mzazi mmoja ameiandikia shule barua akitaka ukuta upakwe chokaa, kwa kuwa watoto, kwa maneno yake, wanafundishwa uongo kwa rangi. Mwalimu mkuu ameomba maoni kabla ya kuamua.

Maoni yangu ni kwamba mchoro ubaki, ila masikio yafutwe.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe, maana wengi wamemwita dinosaria naye si dinosaria. Gogonopsia ni wa ukoo wa sinapsidi, ambao mamalia wa leo, sisi tukiwemo, ndio tawi lake pekee lililobaki. Alama ya ukoo huo ni tundu moja kwenye fuvu nyuma ya kila jicho, ambamo misuli ya taya hupata nafasi. Weka kidole kati ya jicho na sikio lako kisha utafune, utausikia msuli huo ukicheza. Mifupa ya gogonopsia imepatikana Karoo ya Afrika Kusini, Urusi, na karibu nasi zaidi, katika bonde la Ruhuhu kusini mwa Tanzania. Wala tusidhani kwamba zama hizo ziko mbali na miguu yetu: mawe ya Mazeras tuliyoyatandika nyuani mwetu ni mchanga ulioganda tangu zama za Triasi, zilizofuata baada ya gogonopsia kutoweka, na miamba ya eneo liitwalo Maji ya Chumvi imetoa visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, vya samaki wa zama hizo hizo.

Sasa hoja ya mzazi. Anasema achorwe kile ambacho mfupa unakithibitisha, basi. Ombi hilo linaonekana la haki mpaka umtazame ngamia anayepandwa na watalii ufuoni Bamburi. Uti wa mgongo wa ngamia umenyooka, kwa sababu nundu ni mafuta matupu na haina mfupa hata mmoja. Anayechora ngamia kwa kuufuata mfupa peke yake atatuletea mnyama wa shingo ndefu asiye na nundu, na atakuwa ameshikamana na ushahidi barabara huku akikosea kabisa. Ndovu naye fuvu lake lina tundu kubwa katikati ya uso, na hakuna mfupa unaokuonyesha mkonga ulivyo mrefu. Kwa hiyo kuibandika ngozi juu ya mfupa bila nyama wala mafuta nako ni kukisia, tena makisio yanayojificha chini ya jina la tahadhari.

Manyoya je? Hapa ushahidi unavutana. Estemmenosuchus wa Urusi, sinapsidi mzee kuliko gogonopsia wengi, aliacha alama za ngozi laini yenye tezi, isiyo na nywele wala magamba. Mwaka 2022 zilielezwa maiti mbili za Lystrosaurus, sinapsidi mwingine, kutoka Karoo zilizokauka pamoja na ngozi zao, na ngozi hiyo ilikuwa ngumu yenye vishimo vidogo vidogo. Upande wa pili, mwaka 2016 watafiti walieleza nyuzi zinazofanana na nywele ndani ya mavi yaliyogeuka jiwe, ya mla nyama wa Urusi wa zama za Permi, zilizotangulia Triasi, karibu kabisa na wakati wa mnyama wetu. Manyoya yasiyo na shaka tunayakuta baadaye sana: Castorocauda wa China, jamaa wa mamalia aliyetangazwa mwaka 2006 na aliyeishi takriban miaka milioni 164 iliyopita, amelala kwenye jiwe akiwa na alama za manyoya yake na mkia bapa. Rangi nayo imeanza kusomeka. Mwaka 2025 watafiti walichunguza vifuko vidogo vya rangi katika manyoya ya visukuku sita kutoka China, vya mamalia wa kale na jamaa zao wa karibu, wakakuta wote walikuwa na rangi moja ya kahawia iliyokolea, bila milia wala madoa.

Kwa hiyo manyoya ya gogonopsia wetu ni jambo linaloweza kubishaniwa. Masikio ni jambo jingine. Ndani ya sikio lako mna mifupa mitatu, nyundo, fuawe na kikuku. Katika gogonopsia, mifupa ambayo kwetu ni nyundo na fuawe ilikuwa bado ni bawaba ya taya, ikifanya kazi ya kufungua na kufunga kinywa. Kumpa mnyama huyo masikio ya paka ni kuweka kifuniko mahali ambapo chungu hakijafinyangwa. Kukisia pale ambapo mfupa umenyamaza ni kazi halali ya mchoraji, lakini hapa mfupa umesema.

Mzazi, Kisauni

Mwalimu, nimekusoma kwa heshima, na barua ile ni yangu. Sipingi elimu. Mwanangu wa darasa la nne alirudi nyumbani akaniambia, "Baba, gogonopsia alikuwa na milia myeusi." Nilimuuliza nani kamwambia, akajibu, "Nimemwona." Hilo neno ndilo lililonifanya niandike. Hakusema amesoma wala amesikia. Wewe umeandika aya nzima yenye "upande wa pili" na "zinazofanana", na msomaji mzima anaelewa kwamba jambo lina shaka. Lugha ina neno "labda", Mwalimu, lakini rangi haina. Mtoto anayepita mbele ya ukuta ule kila asubuhi mwaka baada ya mwaka hawezi kujua kwamba fuvu limetoka kwenye jiwe na milia imetoka kichwani mwa kijana mmoja mwenye brashi. Na wewe mwenyewe umetwambia kwamba waliochunguza manyoya halisi hawakukuta milia.

Mzee wa Kibokoni

Watu wameniuliza mbona sijataja hukumu ya kuchora viumbe wenye roho. Suala hilo lina wanavyuoni wake, na kila mmoja na awaulize anaowaamini. Halikuanza na mnyama huyu. Ninaloliona hapa ni suala la amana. Ukimsimulia mtu habari, umwambie ipi umeiona na ipi umeidhania.

Mchoraji, Mji wa Kale

Shikamoo Mwalimu, shikamoo wazee. Nilifanya kazi kwa picha za fuvu zilizopigwa kutoka pande nne, nikapima urefu wa meno kwa kulinganisha na tundu la jicho, na miguu nikaiweka chini ya mwili zaidi kidogo kuliko ya kenge, kama mifupa ya nyonga inavyoelekeza. Sehemu hizo niko tayari kuzitetea. Masikio, kusema kweli, sikuyatoa kwenye mfupa. Siku ya kwanza nilimchora bila masikio, watoto wakakusanyika wakati wa mapumziko wakacheka, wakasema ni kenge mwenye manyoya. Nikaona wakimwita kenge, somo zima la kwamba huyu ni jamaa yetu limepotea. Nikamwekea masikio jioni ile ile. Kesho yake hawakucheka tena.

Ila na mimi nina swali kwa Mwalimu. Kuhusu meno kuchomoza umenyamaza. Kiboko ana meno marefu kuliko ya huyu, na akifunga kinywa huyaoni mengi, maana midomo imeyameza. Je, nimfunike?

Mwalimu mstaafu, Tudor

Marahaba, mwanangu. Swali lako la midomo ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani, na mfano wa kiboko ni mahali pake. Mimi ningemfunika kwa sehemu kubwa na kuacha ncha tu, lakini ukimwacha alivyo sina mfupa wa kukukatalia. Kisa chako cha kenge nacho kimenifikirisha, kwa sababu watoto hawakukosea sana: mnyama huyu alikuwa na vitu vya pande zote mbili, na kicheko kile kilikuwa somo lenyewe. Wewe uliwaondolea swali ukawapa paka.

Bwana mzazi, umesema rangi haina "labda". Nimelala na neno hilo siku mbili, na naona ni kweli kwa picha moja. Tuchukue fuvu lile lile, vipimo vile vile, ukuta ule ule, tumchore mara mbili: mmoja mwenye manyoya, wa pili mwenye ngozi tupu yenye vishimo kama Lystrosaurus, na katikati yao fuvu lenyewe jeupe bila nyama. Mtoto atakayesema "nimemwona" ataulizwa na mwenzake, "yupi?" Sidhani kwamba maandishi ya onyo chini ya mchoro yangefanya kazi hiyo, kwa sababu wa darasa la kwanza hawayasomi na wa darasa la sita hawayatazami.

Mzazi, Kisauni

Hilo la wawili naweza kulikubali, na barua nitaiondoa. Milia bado siikubali. Ukisema mfupa umenyamaza, mimi nasema basi na brashi inyamaze.

Mchoraji, Mji wa Kale

Baba yangu, brashi ikinyamaza pale ukuta utabaki mweupe, na mnyama mweupe naye ni makisio. Lakini nimesikia. Nitaififiza milia iwe kivuli tu mgongoni, karibu na ile kahawia aliyoitaja Mwalimu. Upande wa tangi la maji imebaki nafasi ya kama mita mbili na nusu, inatosha kwa yule wa ngozi tupu, na fuvu litakaa juu ya mlango wa stoo. Mwalimu, hiyo ngozi niikunje shingoni au niivute?

Mwalimu mstaafu, Tudor

Ikunje kidogo nyuma ya taya, palipo na msuli mkubwa, kwingine fanya uonavyo. Masikio yafute kabla ya Jumatatu.