Kuna aliesoma sosholojia ya elimu chuo? Naomba ushauri

MtotoWaWete: Asalaam alaykum jamani. Nimepata chuo hapa Unguja nachukua ualimu, sasa kwenye masomo ya kuchagua kuna sosholojia ya elimu, yaani vipi elimu inaijenga jamii na jamii nayo inavyoichezea elimu. Mie n'shavutiwa lakini baba kaniuliza swali moja tu, "hayo utamsomesha nani?" nikakosa jibu. Wenzangu wote wanakimbilia kompyuta. Aliesoma anambie, mna kitu humo au nadharia tupu?

Kahawa_Jaws: Tupu. Durkheim, Marx, mabwana wa nadharia za jamii wa zamani kule Ulaya, unakariri, unafanya mtihani, unasahau. Chukua kompyuta mdogo wangu.

BiChaki: Wewe ulikariri ndo maana umesahau 😂 Mie nasomesha sekondari na somo lililonifaa darasani kuliko yote ni hilo hilo. Huyo Durkheim kasomesha walimu miaka na miaka kule Ufaransa, anasema skuli ndo inamtoa mtoto kwao ikamfanya mtu wa jamii. Akaja Mfaransa mwengine, Bourdieu, akasema tizameni vizuri, mtoto alielelewa kwenye vitabu na maneno ya kiskuli-skuli anafika darasani ashatangulia, halafu sie tunamsifu ana akili. Nenda form one yoyote uone, alietoka skuli ya kulipia mkono juu kila swali, wa nyuma yake jibu analijua barabara ila analijua kwa Kiswahili, basi kanyamaa, mwisho wa muhula kwenye ripoti tunamwandikia "aongeze bidii". Bidii gani tena?

Mkaa_Shamba: Na historia yetu wenyewe jee? Wakati wa Muingereza Wahindi walikuwa na skuli zao, na mtoto wa shamba kuipata sekondari ilikuwa shughuli pevu. Mapinduzi Januari 1964, tarehe 23 Septemba mwaka huo huo Mzee Karume katangaza elimu bure, hata mwaka haujesha! Kwa nini haraka ile? Kwa sababu skuli ndo ilokuwa mlango wa kazi za serikali, anaeushika mlango ndie anaepanga nani aingie. Hata skuli ya King George VI ikaja kuitwa Lumumba, majina nayo yana siasa yake. Mambo haya kwenye kompyuta huyapati.

MtotoWaWete: Ahsanteni sana. Kwetu Pemba msimu wa karafuu ukiingia madarasa yanapwaya, watoto wako mikarafuuni, hii inaingia kwenye somo?

BiChaki: Inaingia tena sana, hiyo ndo risechi yako ishapatikana mwanangu. Ukienda mazoezi ya kufundisha omba rejista, linganisha miezi ya msimu na isiyokuwa ya msimu, halafu kaa na wazee uwaulize hesabu zao wanavyozipiga, usende na jibu lako mfukoni. Baba nae muulize, huenda akakusaidia kuliko mwalimu wako wa chuo.

MtotoWaWete: Hesabu zimo? 😅

BiChaki: Asilimia na majedwali tu, usikimbie.

Kahawa_Jaws: Na majedwali utayachora kwa kompyuta. Nasema tu.