Pointi za uhai: turushe dado au tuchukue wastani?

Mleta mada (Unguja)

Assalaam aleykum. Kundi letu la Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi, ambamo kila mchezaji huendesha mhusika wake), linalokutana Kikwajuni baada ya sala ya Isha, limegawika juu ya jambo moja, nami naliweka hapa ili wachezaji wa Unguja na Pemba walijadili: mhusika anapopanda ngazi, pointi zake za uhai, yaani kiasi cha mapigo anachostahimili kabla ya kuanguka, zitokane na dado au achukue kiwango cha wastani kilichoandikwa? Toleo la 4 la kanuni za mchezo, la mwaka 2008, lililiondoa kabisa dado la uhai. Toleo la 5, la mwaka 2014, likalirudisha kwa hiari ya mchezaji, na kwetu fitina ndipo ilipoanzia.

Msimamo wangu ni wastani, tena kwa meza nzima. Dado la kupiga upanga hurushwa mara nyingi mno, hivyo pigo lililokwenda kombo hufidiwa na yanayofuata, lakini dado la uhai hurushwa mara moja tu kwa kila ngazi na matokeo yake humwandama mhusika mpaka mwisho. Askari wetu, ambaye dado lake ni la pande 10, alianza na pointi 10 kama kanuni zinavyotaka, kisha katika ngazi nne zilizofuata akapata 1, 3, 2 na 4, akafika ngazi ya 5 akiwa na pointi 20. Mchawi, mwenye dado la pande 6, alianza na 6, akapata 4, 6, 5 na 5, akafika na 26. Siha zao wote wawili zilikuwa za kawaida, zisizo na nyongeza ya uhai. Basi aliyevaa deraya ili awakinge wenzake akawa ndiye wa kukingwa na mchawi mwenye kanzu. Lilipotokea zimwi na rungu lake, ambalo hupiga kwa wastani wa pointi 13, mapigo mawili yalimlaza askari. Lau angechukua wastani angekuwa na 34, na angebaki amesimama.

Isitoshe, kiwango kilichoandikwa kimepandishwa kidogo. Wastani halisi wa dado la pande 10 ni 5.5, ila kitabu kinampa mchezaji 6. Wa pande 6 ni 3.5, naye anapewa 4. Anayerusha hujinyima nusu pointi kila ngazi na hatari akaibeba yeye. Zimwi, kinyume chake, hesabu ya uhai wake ni 59.5 na kitabu cha toleo hilo la 2014 kimeandika 59.

Wapo wanaolikwepa dado kwa sababu za dini. Hilo tuwaachie masheikh, maana linauhusu mchezo mzima na si uhai peke yake.

Mchangiaji (Wete)

Waaleykum salaam, kaka. Hesabu yako siipingi, napinga unachokitafuta. Ukitaka mchezo usio na bahati, bao lipo, na kete zake 64 hazimdhulumu mtu. Gary Gygax na Dave Arneson walipouchapisha mchezo huu mwaka 1974, uhai ulirushwa, na mwenye uhai mdogo alijifunza kutumia upinde, kusema kabla ya kupigana, na kukimbia bila ya haya. Huyo askari wako wa pointi 20 umemwandikia aya nzima. Wale wa 34 wako wapi, mbona hakuna anayewasimulia? Mimi napendekeza mchezaji arushe, na akipata chini ya wastani achukue wastani.

Mleta mada (Unguja)

Ahsante, ndugu yangu. La askari umenibana, ingawa mwenyewe alimaliza usiku akichezea simu huku wenzake wakipigana. Pendekezo lako, hata hivyo, si la katikati. Dado la pande 10 lenye kinga ya 6 hutoa wastani wa 7 kamili, yaani umempandishia askari pointi moja kila ngazi; kwa dado la pande 12 nyongeza ni pointi 1.25, na mchawi anaambulia nusu. Msimamizi, anayeendesha hadithi na maadui, atalazimika kuyaongezea mazimwi nguvu, na hapo dado litakuwa limerushwa kwa ajili ya nini? Nitalikubali dado lako tupu, bila ya kinga, katika mchezo mfupi wa ngazi za mwanzo, ambapo mhusika mpya hutengenezwa kabla chai haijapoa. Kwa hadithi ya mwaka mzima, sikubali. Wa Chake Chake na Mkoani, nyinyi mnachezaje?